Shingo ya Tulla

Jumanne moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, Ardis Tollefsrud alikuwa jikoni akijimiminia kikombe cha pili cha kahawa aliposikia mbwa wake akilia uani. Haukuwa ule ubwekaji wake wa kumtukana mleta barua. Ulikuwa ukelele mmoja mwembamba, kisha kimya. Alipotoka mbio na ndara zake alimkuta Tulla amejibana kwenye nyasi, na ng'ambo ya uzio amesimama jirani yake, Verlyn Stroebel, na urefu wake wote wa futi sita na nusu, mkono mmoja ukining'inia upande wa huku. Verlyn alivua kofia, akafungua mdomo, akaufunga, halafu akasema baridi imeanza kuuma. Akaingia kwake. Basi. Kwa Ardis kesi ilikuwa imekwisha kusikilizwa, hukumu ndiyo ilikuwa bado.

Tulla alikuwa wa ile jamii ya mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi, utadhani aliyemuumba aliishiwa na vifaa alipofika miguuni. Alikuwa na miaka tisa na ratili kumi na moja na robo. Ardis aliijua hiyo robo kwa sababu alimpima kila Jumatatu kwenye mzani wa bafuni: kwanza anapanda naye amempakata, kisha anapanda peke yake, halafu anatoa. Kinachobaki ndicho mbwa. Ndivyo alivyokuwa akipima malori ya mahindi kwa miaka arobaini na mmoja katika kibanda cha mzani cha maghala ya Elvdal, Minnesota. Lori linapimwa limejaa, linakwenda kumwaga, linarudi kupimwa tupu.

Kibanda kile ndicho kilichomharibu, kama alivyokuwa akisema marehemu mumewe, Orrin. Kilikuwa na dirisha dogo, na kupitia dirisha hilo Ardis aliona mambo. Aliona wakulima wa kanisani kwake, watu wa kushika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, wakipakia tairi la ziada na kulishusha kabla ya kupimwa tupu, au wakimwacha shemeji amelala nyuma ya kiti lori likiwa limejaa, na shemeji huyo huyo akishuka kujinyoosha kabla lori halijarudi tupu. Hakupayuka hata mara moja. Alikuwa anagonga kioo kwa kalamu, anaonyesha kwa kidole, na shemeji anarudi ndani kichwa chini. Walimwita Jicho, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Ubaya ni kwamba jicho la namna hiyo halistaafu. Orrin alipofariki, likabaki halina malori ya kutazama, likahamia kwa majirani.

Na jirani alikuwa mmoja tu wa maana. Verlyn Stroebel alikuwa amekaa katika nyumba ya pili miaka kumi na mmoja, lakini mjini bado wanamwita yule mgeni, kwa sababu alitoka wilaya ya pili na ni Mkatoliki. Alikuwa fundi mstaafu wa kupanda nguzo za umeme, mgane, mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha Elvdal, ambako mtu anaweza kuchumbia kwa sentensi tatu. Mwezi Agosti Ardis aligundua kwamba kila saa nne, anapomtoa Tulla na kumfunga kwenye waya wake uliovutwa kutoka mlangoni mpaka uzioni, mbwa anakatiza uani kwa mbio zake zote mpaka kwenye uzio, na Verlyn yupo pale na kipande cha soseji. Yeye Ardis, aliyemlea tangu anaenea kwenye kofia, hakimbiliwi hivyo. Iliuma. Lakini katika mji ule humwendei mtu ukamwambia acha kumlisha mbwa wangu. Kwa hiyo alichukua kibano cha chuma katika vifaa vya Orrin, akakifunga kwenye waya, ili ile roda inayoteleza juu yake na mnyororo wa Tulla isimame futi sita kabla ya uzio. Akarudi ndani kunywa kahawa, roho kwatu. Soseji na ziishie huko huko kwake.

Sasa, Jumanne hiyo, Tulla hakutaka kuinua kichwa. Alikiinamisha kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na akitaka kumwangalia Ardis alipandisha macho tu, weupe ukaonekana kwa chini. Misuli ya mabegani ilikuwa inachezacheza. Bakuli lake la sakafuni hakuligusa, ila Ardis alipoketi kwenye kigoda na kumshikia chakula mdomoni, alikula. Hakulia. Alilia tena alasiri, mara moja tu, pale Ardis alipomtoa mlangoni ajisaidie na Verlyn akapita njiani, akasimama kuuliza hali. Mbwa alimtazama, akapiga ukelele. Machale yakamcheza Ardis mwili mzima. Asubuhi alilia kwa huyo, alasiri analia kwa huyo, na kwa mwingine yeyote halii.

Alipiga simu kwenye kliniki ya wanyama, mji wa pili, maili kumi na nane. Msichana wa mapokezi aliuliza mbwa ana hali gani. Ardis akajibu, "Si mbaya sana." Msichana akampa nafasi ya Ijumaa.

Huko Elvdal hakuna jibu lingine kuhusu maumivu. Mtu akinyang'anywa kidole na mashine ya kuvunia, ukimuuliza vipi, atakwambia si mbaya sana, na utakuwa umeelewa kwamba umwahishe hospitali. Orrin mwenyewe alisema kifua chake si kibaya sana, Jumamosi, na Jumatano wakamzika. Lakini yule msichana alikuwa mgeni, akaandika alichoambiwa.

Jioni ile ile Ardis alimpigia rafiki yake wa kanisani, LaVonne Sather, mwanamke ambaye angeweza kuotesha habari kwenye jiwe. LaVonne alisikiliza, akaguna, akasema yeye hasemi kitu, lakini alishawahi kusikia kwamba huko alikotoka Verlyn kulikuwa na mbwa aliyekufa. Amekufaje, hakujua. Kwamba alikufa, alijua.

"Mbwa wote hufa, LaVonne," Ardis alimwambia.

"Ndiyo, shoga. Lakini si wote wanakufa kwake."

Jumatano Ardis aliamua kwenda kuukagua uso wa mtuhumiwa. Alioka keki ya shayiri na sukari guru, akaikata vipande, akaipanga kwenye sinia lake kubwa la kuokea, lenye jina lake chini kwenye utepe. Sinia ni sharti lirudi, na ni haya kulirudisha tupu. Kwa hiyo sinia moja linakupa safari mbili: unaingia kwa mtu leo, naye anakuja kwako kesho. Ardis hakuwahi kuona chombo bora cha upelelezi.

Verlyn alimkaribisha akiinama mlangoni mwake mwenyewe. Ardis alitazama viatu, vilikuwa vizito. Akatazama mikono, ilikuwa mikubwa. Ukutani kulikuwa na picha ya mbwa mweupe mzee, na chini ya picha mkanda wake wa shingoni umetundikwa kwenye msumari. Akaliweka hilo akilini. Wakazungumzia baridi. Wakazungumzia bei ya nyama. Ardis akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hili wala lile, kwamba Tulla hajisikii vizuri.

Verlyn alizungusha kikombe chake. "Anakimbia kweli yule," akasema. Kisha, akimega keki, "Shingo yake je, Bi Ardis?"

Ardis aliweka kikombe chini. Hakuwa ametaja shingo. Hakumtajia yeye, wala msichana wa kliniki, wala LaVonne. Alijibu kwamba si mbaya sana, akashukuru kwa kahawa, akatoka kwa hasira. Miaka arobaini na mmoja ya kuwakamata watu, na huyu amejikamata mwenyewe, tena mdomo umejaa keki yake. Alipofika nyumbani hakuvua hata koti kabla ya kushika simu.

LaVonne alifanya kazi yake. Alhamisi asubuhi, kabla ya saa tatu, alimpigia kumpa taarifa. Verlyn alikuwa ameingia mkahawani saa moja kama kawaida, na wazee wa ile meza ndefu ya kwanza walikuwa wameeneza makoti yao kwenye viti vitupu ili asipate pa kukaa. Alisimama kidogo, akanywea kahawa yake kaunta, wima, akaondoka. LaVonne aliisimulia kwa utamu. Ardis alitegemea kufurahi, na kweli alifurahi, kwa muda wa kama dakika mbili. Halafu Tulla akajaribu kutoka kitandani mwake, na mguu wa mbele wa kushoto ukakunjika, akatembea hatua mbili juu ya mgongo wa kiganja kama hajui kwamba ni chake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Verlyn, analirudisha sinia. Limeoshwa, limekaushwa, na katikati yake umelala mkanda mdogo mwekundu wa mbwa, ile mikanda inayofungwa kifuani badala ya shingoni, bado una karatasi ya dukani. Ardis aliutazama, akaona ungamo la maandishi. Mwenye kosa huleta zawadi. Tayari alikuwa ameshavuta pumzi ya kumwambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, maneno ya ana kwa ana, pale Tulla aliposikia sauti ya jirani, akataka kuja mlangoni, akaanguka ubavu.

Maneno yote yalimtoka kichwani. Alishika simu, msichana akauliza mbwa ana hali gani, na Ardis akasikia ulimi wake ukianza ule wimbo wake wa zamani. Akauuma.

"Mbaya," akasema. "Ni mbaya. Mguu hauna nguvu. Nisaidie."

Simu ilichukuliwa na daktari mwenyewe. Aje sasa hivi. Amvue mkanda wa shingoni, asimvute, asimwinue kwa kwapa, amlaze juu ya kitu bapa na kigumu, shingo inyooke na mgongo. Ardis alizunguka jikoni akitafuta kitu bapa na kigumu, na Verlyn alikuwa tayari amekwisha piga magoti sakafuni na sinia, taulo limetandikwa juu. Waliteleza mikono chini ya mbwa pamoja, wakamlaza. Tulla alimtazama Verlyn usoni, karibu kabisa, akatikisa mkia mara mbili, wala hakulia. Ardis aliliona hilo likamkera, kwa sababu halikukaa mahali pake.

Hakuwa na la kufanya. Mtu mmoja hawezi kuendesha gari na kushika sinia, na LaVonne alikuwa na bandeji jichoni baada ya upasuaji, haendeshi. Akapanda pikapu ya mtu aliyemvunja mbwa wake, sinia mapajani, viganja viwili vimemkinga Tulla kushoto na kulia. Maili kumi na nane alimchunga yule mwanamume kwa pembe ya jicho. Aliendesha polepole kama amebeba mayai, akikwepa kila shimo kabla halijaonekana. Mtu mjanja, Ardis aliwaza. Anajua natazama.

Daktari Arce alikuwa mwanamke mfupi kutoka Texas, miezi saba tu Minnesota, na bado hajajifunza kuzungukazunguka. Alimpapasa Tulla kwa ncha za vidole, akamminya kucha za miguu, akaupindua kila mguu wa mbele kuona kama ataurudisha. Wa kushoto ulichelewa. Kisha akapenyeza kidole kwenye manyoya ya shingo, akayatenganisha, akamwita Ardis asogee. Kulikuwa na mstari wa nywele zilizokatika kuzunguka koo lote, na chini yake ngozi imevilia rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka manjano.

"Hili halijatokea Jumanne tu, mama," daktari alisema. "Limerudiarudia. Anafungwa na nini?"

"Waya," Ardis akajibu. "Ana roda, anakwenda atakako."

"Na mwisho wa waya kuna nini?"

Verlyn alikuwa anaikagua kofia yake kana kwamba kaiokota sasa hivi.

"Maana huyu alikuwa anakimbia kwa mbio zote, na kitu kikamkamata ghafla shingoni. Mara nyingi. Kuna vigodoro vidogo kati ya pingili na pingili za shingo, na nadhani kimoja kimechomoza kinabana mishipa. Mbwa wa aina hii wana udhaifu huo, lakini hapa amesaidiwa."

"Hapana," Ardis alisema. Akaikusanya kesi yake yote mkononi. "Analia akimwona mtu mmoja tu. Mara zote mbili. Mimi halii kwangu, LaVonne akija halii. Ni huyu. Muulize alijuaje ni shingo."

Hatimaye alikuwa amesema. Verlyn hakuinua uso.

Daktari Arce alimtazama Verlyn kuanzia viatuni mpaka alipoishia, na palikuwa mbali. Akamwomba asimame mbele ya meza. Verlyn akasimama. Tulla alikuwa amelala na kidevu kwenye taulo, akaona viatu, akajua ni nani, akainua kichwa kumtafuta uso kule juu, akapiga ukelele. Daktari akamwambia apige magoti. Verlyn akapiga magoti, uso wake ukafika usawa wa meza, na Tulla akamlamba pua kwa utulivu.

"Mimi na wewe ni wafupi, mama," daktari alisema. "Akitaka kutuona hana haja ya kukunja shingo. Mtu mrefu yeyote atamliza, hata awe padri."

Ardis alishika ukingo wa meza. Kinachobaki ndicho mbwa. Alikuwa amempima Verlyn mara moja tu, Tulla akiwa naye, hakuwahi kumpima peke yake. Aliona kibano cha Orrin, futi sita kabla ya uzio, kimekazwa kwa mikono yake mwenyewe, na mbwa mdogo akija mbio kwa furaha kila asubuhi, akisahau kila asubuhi. Na yeye ndani, na kahawa, akitazama dirisha la upande wa barabara.

"Uliona?" akamwuliza Verlyn.

"Mara nne. Tangu Septemba." Bado alikuwa amepiga magoti. "Ya Jumanne ilimpindua chali. Soseji niliacha mara ya kwanza tu nilipomwona akivutwa, nikidhani hatakimbia tena. Akaendelea kukimbia."

"Na hukusema."

"Si mbwa wangu, Bi Ardis. Mtu hamwendei mwenzake kumwambia habari ya mbwa wake." Akafikiri. "Nilileta ule mkanda wa kifuani."

"Basi ulidhani nitaelewa."

"Nilidhani umeelewa, ulivyoutazama."

Daktari Arce aliwaangalia mmoja baada ya mwingine kama watu waliotoka mwezini. Alisema atabaki na Tulla usiku huo, picha ipigwe, sindano ya maumivu, halafu wiki sita ndani ya kizimba, bila kuruka, bila ngazi, bila mkanda shingoni maisha yake yote. Mguu ule kama utarudi au hautarudi, hata yeye hajui, labda kesho watapata dalili. Kama wangemleta Jumanne angekuwa na uhakika zaidi. Kwa nini walisubiri?

"Nilisema si mbaya sana," Ardis akajibu. Aliinama akaweka shavu lake juu ya taulo, karibu na lile sikio refu, akamwomba mbwa msamaha kwa maneno ambayo Orrin hakuwahi kuyasikia.

Walirudi na sinia tupu, mkanda mwekundu wa kifuani, na ule mkanda wa zamani wa shingoni mfukoni mwa koti la Ardis. Maili kumi zilipita. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mashamba meupe kwa mabua. Ndipo Ardis aliposema kwamba yale makoti kwenye viti vya mkahawa yametoka kwake. Yeye alimwambia LaVonne.

"Nilikisia," Verlyn akasema.

"Ilikuwaje? Pale asubuhi."

Verlyn aliendesha. Walipita kanisa la Ardis, wakapita njia ya maghala. Aliwasha taa ya kukunja kona, akaizima tena.

"Si mbaya sana," akasema.

Ardis alizaliwa Elvdal. Hakuhitaji kutafsiriwa. Aliushika ule mkanda wa zamani mfukoni mwake.

Walipofika kona ya mtaa wao Ardis alimwambia asikate kona, aende moja kwa moja. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ya kahawa ya pili, na magari ya wazee yote yalikuwa yamepangwa nje ya mkahawa. Verlyn alisema si lazima, na Ardis akamwambia ashuke. Aliingia mbele, mfupi, koti limejaa manyoya ya mbwa, na wazee wa ile meza ndefu wakageuka. Mmoja wao, kwa adabu, akamwuliza Tulla anaendeleaje.

"Mbaya," Ardis alisema.

Vijiko vilisimama. Hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka bila kufunikwa. Alitoa mkanda wa shingoni mfukoni, akauweka mezani katikati ya vikombe, nywele zilizokatika bado zimenata ndani yake.

"Nimemvunja mimi," akasema. "Kwa kibano changu. Huyu hakumgusa. Ondoeni makoti."

Makoti yakaanza kuondoka, moja moja. Verlyn alisubiri mlangoni, kofia mkononi, mpaka kiti kikavutwa, ndipo akaja akaketi.